Gari la Kijani la Bwana Kanti

Zamani zile tukiwa watoto wa Kariakoo, gari likiharibika lilikuwa mgonjwa wa mtaa mzima. Wacheza bao waliacha kete zao, muuza kahawa aliweka birika chini, na kila mtu, hata asiyewahi kupanda baiskeli, alikuwa na dawa yake. "Plagi hizo!" "Wapi, petroli imeingia maji." Sisi wasichana tulikusanya mawe yetu ya mdako kwenye pindo la gauni, tukaenda kutazama tukiwa bado tunatafuna kashata. Leo gari likizima, vijana wanafunga vioo, wanapiga simu, na wakati wanasubiri kuokolewa wanajipiga picha.

Baba yangu alikuwa fundi magari. Gereji yake ilikuwa ule mchanga mbele ya baraza yetu. Jua likiwaka alifanya kazi juani, mvua ikinyesha alifunika injini kwa gunia na kuingia ndani kunywa chai. Kitu alichokitamani kuliko vyote ni banda. Na banda lilikuwapo, hatua chache tu kutoka kwetu, la mabati, lenye mlango na kufuli, nyuma ya duka la vitambaa la Bwana Kanti.

Bwana Kanti alikuwa Mhindu wa Upanga, mtu mpole, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alijinunulia gari la michezo kutoka Uingereza. Gari lenyewe dogo, la kijani, viti viwili, paa la turubai. Waingereza, watu wanaonyeshewa mvua mwaka mzima, walikuwa wametengeneza gari linaloogopa maji. Lilimzimikia Jangwani mara tatu ndani ya wiki moja, na mara zote tatu alisukumwa na watu waliokuwa wanacheka.

Baba akalishika. Alisafisha plagi, akajaribu koili, akapuliza mirija ya petroli kwa mdomo. Siku ya pili akafungua distributa, akatoa rota, kile kidude kinachozunguka ndani yake, akaigeuzageuza juani mpaka akaona ufa mwembamba kama unywele. Moto ulikuwa unatorokea hapo. Akaweka rota nyingine na gari likawaka mara moja. Siku hiyo baba alitembea mtaani kama aliyeoa upya.

Bwana Kanti naye alifurahi, ila alikuwa mfanyabiashara. "Fundi, nitaliegesha hapa kwako kila mchana, ulitazame," alisema. "Jumamosi jioni likiwaka bila kusukumwa, funguo za banda zako. Likigoma, nampa fundi wa Ilala, ameniomba siku nyingi."

Kosa la baba lilikuwa furaha. Alimwita mama yake, yaani bibi yangu, akamwinulia boneti, akabonyeza vibanio viwili vya distributa na kuifunua. "Mama, hii ndiyo roho ya gari. Inagawa moto kama wewe unavyotugawia wali, kila plagi na zamu yake. Hii ikitulia, banda tumepata."

Bibi alitazama kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kusoma naye.

Jumatatu, baba alipokwenda kuswali alasiri, bibi aliniita. Alikuwa ameshika mrashi wake wa fedha, ule wa harusi na maulidi. "Njoo unishikie hiki kibati. Baba yako ana mahasidi wengi, na yule wa Ilala ndiye mkubwa wao. Tuilinde roho ya gari. Na wewe usiseme, dua ya siri ndiyo inayopokelewa." Nikashika boneti. Vibanio nikavifungua mimi, maana vidole vya bibi vilikuwa vinamuuma. Akasoma aliyoyasoma, akanyunyiza marashi ya waridi ndani ya distributa, kwa ukarimu, kama anamnyunyizia bwana harusi.

Jioni gari halikuwaka. Baba alifungua, akakuta unyevu, akapangusa kwa kitambaa, akalaumu hewa ya pwani. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano akabadilisha kondensa. Alhamisi akabadilisha kifuniko cha distributa, kwa sababu ndani kilikuwa na mistari myeusi ya moto. Mtaa ukaanza kusema kwamba gari la Upanga haliupendi uswahili wetu. Na kadiri gari lilivyogoma, ndivyo bibi alivyoamini kwamba mahasidi wamezidi, na ndivyo alivyoongeza marashi. Baba hakunusa kitu. Pua yake ilishakufa kwa petroli miaka mingi.

Jumamosi mtaa mzima ulikuwa pale. Baba alivaa shati safi. Bwana Kanti akaketi, akavuta stata. Gari likakohoa, likanyamaza. Akavuta tena. Kimya. Baba akafungua boneti, akafunua distributa, na Bwana Kanti akashuka na kuinama karibu naye.

"Fundi, hii harufu ya nini? Waridi?"

Baba aliinua kichwa. Alimtazama bibi, aliyekuwa barazani anasuka ukili huku midomo yake inachezacheza kwa dua. Kisha akanitazama mimi. Niliangalia miguu yangu, na nadhani hiyo ilimtosha.

"Ni mimi, Bwana Kanti," alisema. "Nimepangusa kwa kitambaa cha nyumbani, kina marashi. Kosa langu."

Watu walicheka sana. Fundi gani anayepaka gari manukato! Jumatatu yake yule wa Ilala alikuwa bandani anatundika spana zake ukutani.

Baba hakunipiga, wala hakuniuliza lolote. Alichofanya ni kukaa na bibi barazani na kumweleza kwamba magari mapya yanayoletwa siku hizi, roho yake imehamishiwa kwenye tairi la nyuma. Basi bibi akawa ananyunyizia matairi mpaka Mungu alipomchukua, na kila gari lililopona alijua limepona kwa kazi yake. Baba alizeekea juani, kwenye mchanga ule ule. Mimi nimekaa na aibu ile miaka yote hii, na bado inaniuma.

Mjukuu wangu naye ni fundi. Ana gereji yenye paa, feni, hata kiti cha wateja. Juzi alinionyesha kidude anachokichomeka kwenye gari, na kabla hata hajashika spana, maandishi yanajitokeza kwenye simu.

"Kinakuambia nini?" nikamuuliza.

"Kila kitu, bibi. Kosa liko wapi, limeanza lini, na kama kuna mtu amechezea. Siku hizi hakuna cha kuficha."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba baba yangu hakuwa nacho.