Kipaza Sauti cha Mgombea

Baba yangu ana kigugumizi. Alizaliwa nacho, akaajiriwa nacho katika kiwanda cha karatasi kule Webuye, akastaafu nacho. Kiwandani mashine zilipiga kelele hata watu wakaelewana kwa mikono, na nadhani ndiyo sababu aliipenda ile kazi. Nyumbani alikuwa na Mama. Mama ndiye aliyepokea simu, aliyesimama kwenye mikutano ya shule, aliyebishana na wenye maduka. Hata wakwe zangu walipokuja kuniposa, Mama ndiye aliyesema, "Baba yao anasema hivi," naye Baba akatikisa kichwa kukubali asichokuwa amesema. Nilikua nikidhani kila nyumba iko hivyo, kwamba mwanamume analeta mshahara na mwanamke analeta maneno.

Mama alifia kwangu Kitale, mwaka wa uchaguzi, wiki chache kabla ya watu kupiga kura. Alikuwa amekuja nimuuguze kwa sababu hospitali ilikuwa karibu na nyumba yangu. Asubuhi hiyo aliomba uji. Nilipotoka jikoni na kikombe, alikuwa ameshakwenda. Mpaka leo nina hasira na ule uji, ingawa najua haukunikosea kitu.

Tulimrudisha Bungoma, kwenye boma letu lililo pembeni mwa mji, mahali palipokuwa na mashamba ya miwa na siku hizi pamejaa ploti na nyumba za kupangisha. Jioni ya kwanza Baba aliniita nyuma ya nyumba.

"Siku ya k-kuzika," akasema, "nitaongea mimi."

"Baba, si uniambie tu unataka kusema nini, nikusomee?"

"Hapana. Ameniongelea m-maisha yangu yote. Hii moja niachieni."

Basi kila asubuhi wiki ile alijifunza maneno yake akikama. Ng'ombe wetu alisikia hotuba ile kuliko binadamu yeyote. Nami nilipoona ameshika ndoo ya maziwa nilikuwa natafuta kazi upande wa pili wa boma, kwa sababu maneno hayo hayakuwa yangu.

Sasa, anayejua kwetu anajua kwamba mwaka wa uchaguzi hufi peke yako. Wanaowania kiti cha wadi, kile ambacho wengi bado tunakiita udiwani, hawakosi mazishi hata ya mtu wasiyewahi kumwamkia. Mmoja wao, mwenye duka la mabati na misumari mjini, alituletea hema, viti na vipaza sauti, vyote bure. Baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alipokea kwa mikono miwili. Nilimuuliza kwa nini mama yangu alale chini ya hema lenye uso wa mtu mwingine.

"Wewe umekaa Kitale sana," akanijibu. "Hapa mtu hakatai hema ati kwa sababu ya picha, bana."

Jumamosi watu walijaa. Kwaya iliimba vizuri, na wanawake waliouza mboga na Mama sokoni walimlilia kwa majina ya utani ambayo hata mimi sikuyajua. Halafu kijana wa kuongoza sherehe, aliyekuja na vipaza sauti vyake kama vile betri inavyokuja na tochi, akaanza kuwaita waheshimiwa. Waheshimiwa wa wapi, sijui, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa amechaguliwa kwa lolote. Mmoja akaongea juu ya mitaro ya maji machafu. Mwingine akaongea juu ya taa za barabarani. Mwingine akasimama kusema tu kwamba hana mengi, akayasema yote. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Mlima Elgon, na mchungaji akaanza kutazama juu kila baada ya sentensi.

Baba alikaa kando ya jeneza, amevaa koti lake la kanisani, midomo ikichezacheza. Alikuwa bado anajifunza.

Mwishowe akaitwa. "Mzee, kwa ufupi tu, si unaona mvua hiyo inakuja?"

Akasimama, akashika kipaza sauti. "M-m-m..."

Sisi wa nyumbani tunajua kwamba Baba hukwama neno la kwanza, kisha mengine hufuata yenyewe. Unachotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini waliokuwa chini ya lile hema hawakujua. Walidhani ni machozi. Wengine wakainamisha vichwa, mama mmoja akaangua kilio, na yule mwenye duka la mabati akainuka kwenye kiti cha mbele, akamkumbatia baba yangu, akamtoa kipaza sauti mkononi polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mzee wetu amelemewa na uchungu, si mnaona?" akasema. "Wacha nimsaidie."

Akamsaidia. Alisema Mama alikuwa mama wa wadi nzima. Alisema ndoto yake ilikuwa barabara ya lami mpaka sokoni, na kwamba yeye, Mungu akipenda na wananchi wakiamka mapema siku ya kura, ataitimiza. Watu wakapiga makofi. Mbele ya jeneza la mama yangu, watu walipiga makofi. Niliinuka nipige kelele, baba mdogo akanivuta chini kwa nguvu. Matone yakaanza kugonga hema, mchungaji akaharakisha sala, na Mama akateremshwa kaburini huku watu wakikimbilia kwenye veranda. Baba hakuulizwa tena kitu.

Siku ya uchaguzi nilipiga kura yangu Kitale, na mwisho wa wiki nikaenda kumwona Baba. Yule mwenye duka la mabati alikuwa ameshinda. Tulikuwa uani tukichambua maharagwe msafara wake ulipopita nje ya lango, honi na vuvuzela, akina dada wakicheza juu ya lori.

"Angalau kuna kura moja hakupata," nikasema. "Ya hili boma."

Baba akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Aliipata."

Nilimtazama nikidhani anatania, na Baba hatanii. Nikamwuliza kama amesahau alichofanyiwa. Nilisema mengi, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Yule mtu amekunyang'anya maneno yako mbele ya mkeo, nikamwambia, na wewe unaamka kwenda kumpangia foleni?

Aliningoja nimalize.

"Mama yako alimwahidi," akasema. "Hapo mlangoni, kabla hajaja kwako k-kutibiwa. Alimwambia, kura yangu ni yako. Nilikuwa nimekaa hapa."

"Lakini Baba, yeye ameshakufa. Hakuna ahadi tena."

Akaweka ungo chini. Alikwama kwa muda mrefu, akifumba macho, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumsaidia.

"S-s-sikuweza kumsemea," akasema. "Nikaona basi nimpigie hata hiyo kura aliyoacha."