Doa Jekundu Chini ya Injini

Filomena wa Nyandira alianza kununua rangi ya kucha akiwa na miaka thelathini na minne, na hakuinunua kwa ajili ya kucha. Kucha zake zilikuwa za bibi shamba hasa, fupi na zenye udongo wa matuta ya kabichi, na hata siku aliposimamia harusi ya mdogo wake zilikwenda kanisani hivyo hivyo. Rangi ile ilikuwa ya pikipiki.

Mwaka 1992 mradi wa kilimo ulileta Morogoro pikipiki kumi na mbili mpya, zikagawiwa mabwana shamba kumi na mmoja na bibi shamba mmoja. Zilikuwa pikipiki za kisasa kweli, zimetoka Ujapani na karatasi zake, na hazikutaka kuchanganyiwa oili kwenye petroli kama zile za zamani zilizofuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Siku ya kwanza Filomena aliipandisha yake milimani kutoka Mzumbe hadi Nyandira kwa gia ya kwanza, njia nzima, kwa kuwa alikuwa amesahau namna ya kuingiza ya pili. Alifika nyumbani kwa mama yake, Bibi Cecilia, mikono imekufa ganzi, na bado anacheka peke yake.

Raha ile ilikuja na sharti. Wakala aliyeziuza, mwenye duka la vioo vitupu pale mjini, alikuwa amedondoshea tone la rangi nyekundu juu ya kila boliti ya maana kwenye injini. Sevisi ni kwake tu. Atakayekutwa tone limevunjika atahesabiwa kwamba ameichokonoa pikipiki, atanyang'anywa, na ufunguo utakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Anayefuata alikuwa Erick wa Mzumbe, bwana shamba mpole kupita kiasi, ambaye hakuwahi kumtakia mtu mabaya lakini alikuwa ameshanunua helmeti.

Filomena alikuwa mtu wa kutii. Muda wa sevisi ulipofika aliteremsha pikipiki mjini, akaambiwa arudi baada ya siku mbili. Ilikaa siku kumi na tisa. Nayo ilikuwa masika, viwavi wanatafuna kabichi za Kikeo kama wamealikwa, na yeye anapanda na kushuka kwa miguu huku wakulima wakimuuliza kama farasi wake amekwenda kuoa. Aliporudishiwa, pikipiki ilikuwa imeng'arishwa mpaka matairi. Lakini ile kelele ya ta-ta-ta iliyokuwa kichwani mwa injini ilikuwa palepale, haijapungua hata ta moja.

Hapo ndipo utiifu ulipomwisha. Chini ya kiti kulikuwa na kitabu, kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho, lakini kilikuwa na picha. Jumapili baada ya misa Filomena na mama yake walikaa barazani wakazifuata picha zile moja baada ya nyingine kama vituo vya Njia ya Msalaba. Fungua boliti hii. Mwaga oili. Weka mpya hadi hapa. Kwenye picha ya tapeti, vile vyuma vinavyogonga kichwani mwa injini, palichorwa kibati chembamba kinachopenyezwa kupima nafasi, na pembeni namba ndogo ajabu. Filomena alimwendea fundi wa mashine ya kusaga ya misheni, naye akamwambia bila hata kuinua macho kwamba unene huo ni wa wembe mpya wa kunyolea, na kwamba yeye hajawahi kutumia kingine.

Kikabaki kitu kimoja, lile tone jekundu. Zamani tatizo hilo lingemshinda, maana kulikuwa na miaka ambayo hata sabuni ilipangiwa foleni, na rangi ya kucha ungeisikia kwa wenye ndugu ughaibuni. Lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa. Chausiku, rafiki yake wa shule, alikuwa na kibanda Mwembesongo, kule mjini, kilichojaa poda, hereni, vioo vya mkononi na rangi za kucha rafu nzima, na nyekundu peke yake zilikuwa za aina kumi na nne. Filomena alikwangua kipande cha rangi ya wakala, kidogo kama punje ya mtama, akakifunga kwenye leso, akashuka nacho. Chausiku alimtazama shoga yake akilinganisha chupa moja moja na kitu kilichomo kwenye leso, akaapa kimoyomoyo kwamba hapa pana mwanamume, tena mgumu wa kuridhika. Iliyofanana ilikuwa moja tu, na ilikuwa na vimetameta. Filomena aliichukua hivyo hivyo. Nani atalala chini ya injini kutafuta vimetameta?

Kazi yenyewe aliifanya uani mchana kweupe. Oili aliikinga kwa sufuria ya maharage ya mama yake, na sufuria ile haikurudi tena jikoni. Kwenye tapeti akapenyeza wembe, akauchomoa, akakaza nati, akailegeza, akamwomba Mtakatifu Antoni, akaikaza tena. Halafu akapaka matone yake mekundu, akapuliza yakauke, akapiga kiki.

Injini iliunguruma taratibu kama cherehani. Ta-ta-ta ilikuwa imekwenda na maji. Filomena hakujua kama alie au acheke, akacheka, akapanda na kuuzunguka uwanja wa kanisa mara tatu bila sababu yoyote. Akina mama waliokuwa wakitoka kwenye jumuiya wakampigia vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Usiku huo furaha haikumpa usingizi.

Sevisi iliyofuata alitii tena, kwa ajili ya mhuri wa wakala uliotakiwa na mradi. Wakala alikaa na pikipiki siku kumi na sita, akairudisha na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: oili imebadilishwa, tapeti zimerekebishwa, boliti zote zimekaguliwa. Filomena aliipeleka mtoni kuiosha, akainama kusugua tope chini ya injini, na pale kwenye boliti ya oili jua likapiga. Tone likammetametia.

Kama fundi wa wakala angeifungua, tone lingevunjika, na juu yake ingekuwapo rangi yao isiyometameta. Hili lilikuwa lake mwenyewe, zima, na vimetameta vyake vyote. Hawakuigusa. Siku kumi na sita, mhuri na mwandiko mzuri, na hakuna mkono uliofika huko chini. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Kicheko kilikata ghafla alipofikiri atamwambia nani. Kuwasema wao ni kujisema mwenyewe. Akaifutafuta pikipiki, akanyamaza, na akaendelea kunyamaza kwa miezi miwili.

Ndipo injini ya Evance ilipokwama katikati ya majaruba ya Dakawa. Evance alikuwa bwana shamba wa mpunga, mtu wa maneno machache, na pikipiki yake ilikuwa imetoka kwa wakala majuma sita tu yaliyopita. Wakala akasema imechokonolewa. Tone la boliti ya oili lilikuwa zima, lakini akasema siku hizi watu wajanja. Mkuu wa mradi, Mzee Pazi, akawaita wote kumi na wawili mjini na pikipiki zao, pamoja na Erick, kwa sababu ufunguo wa Evance utahitaji mtu wa kuupokea.

Kabla ya kuondoka Filomena alimweleza mama yake yote. Bibi Cecilia alisikiliza huku akimenya njegere, akasema mficha uchi hazai, akaendelea kumenya. Filomena aliondoka amekasirika, maana alitaka ushauri na amepewa methali. Alipofika Mzumbe alikuwa ameshajua kwamba ile methali ndiyo ulikuwa ushauri.

Pikipiki zilipangwa safu moja uani kwa mradi. Meneja wa wakala, amevaa tai, alieleza kwa upole mkubwa jinsi watu wa shamba wanavyoua mashine za watu. Evance alisimama akasema hajawahi kushika hata spana, akaketi, na ilionekana hakuna aliyemwamini. Erick alikuwa nyuma, helmeti mapajani, akiitazama chini kama mtu aliyefika msibani na vazi la harusi.

Filomena aliinuka. Moyo ulimwenda mbio kuliko injini yoyote iliyokuwa pale.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyefungua. Siyo ya Evance, ni yangu, kwa mikono yangu, na ile rangi nyekundu ni ya kucha."

Mzee Pazi alivaa miwani, akapiga magoti kwenye changarawe, akachungulia. Filomena akamwonyesha tone, akamsimulia siku kumi na sita, akampa karatasi yenye mwandiko mzuri. Mzee alikaa chini pale kwa muda, mpaka watu wakadhani magoti yamegoma. Alipoinuka aliomba beseni na spana. Akachagua mwenyewe pikipiki iliyorudi kutoka kwa wakala juzi, ya bwana wa Mvomero, akaamuru boliti ifunguliwe. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito, na harufu yake ya kuungua iliwafanya watu warudi nyuma hatua moja. Kisha ya Filomena, ambayo mwenyewe alikuwa ameibadilishia oili Jumapili iliyopita. Hiyo ilitiririka kama asali ya Uluguru. Meneja alilegeza tai akasema atafuatilia, na hakuna aliyemuuliza atafuatilia nini.

Evance alirudishiwa heshima yake hapo hapo. Lakini Mzee Pazi alikuwa mtu wa sharti, na sharti lilikuwa limeandikwa. Alinyoosha kiganja, na Filomena akaweka ufunguo. Hakulia. Alifikiria tu njia ya Kikeo kwa miguu, na viwavi. Mzee akamwita Erick, akampa ufunguo ule mbele ya watu wote.

Erick aliugeuza ufunguo mkononi. Aliitazama pikipiki aliyoiota mwaka mzima, akamtazama Filomena, akalitazama lile beseni jeusi.

"Mzee," akasema, "mimi hata boliti ya baiskeli sijui inafungukia upande gani. Nikipewa hii itakufa kabla ya Krismasi. Mwachie dada, ila anifundishe."

Akamrudishia Filomena ufunguo, na helmeti juu yake, kwa kuwa dada mwenyewe alikuwa akiendesha na kilemba. Mzee Pazi alitazama pembeni, kwenye miembe ya jirani, kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika. Alipogeuka alisema sharti limetekelezwa, ufunguo umekwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na anayefuata akishaupata autumie apendavyo. Akaongeza kwamba injini ikifa itakwenda kwa wakala, lakini oili na tapeti ni za mwenye pikipiki, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Filomena atafundisha uani pale. Wembe kila mtu aje na wake.

Filomena alirudi Nyandira kwa gia zote, akiimba ndani ya helmeti iliyompwaya mpaka ikawa inaimba nayo.

Kesho yake Chausiku alifungua kibanda akakuta foleni. Mabwana shamba kumi na wawili, watu wazima wenye familia, walikuwa wanabishana kuhusu nyekundu, kila mmoja akitaka alama ya boliti ambayo wakala hataweza kuiiga. Evance alichukua ya waridi, akasema itaonekana vizuri kwenye tope la mpunga. Erick, asiye na pikipiki wala helmeti, alinunua mbili. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mwenye miwani, aliyeagiza ya zambarau yenye vimetameta na kusema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba anamnunulia mke wake. Alilipa, akaenda hatua tatu, akarudi, akainama juu ya meza na kuuliza kwa kunong'ona kama inastahimili joto la injini ya gari.