Zabibu Mbili Katika Glasi

Mhudumu wa ukumbi wa harusi hafungui shampeni kimyakimya. Mdomo wake hutangulia chupa. "Humu mna presha mara tatu ya tairi la gari, shemeji, inamisha kichwa!" Kizibo hukibana kwa kitambaa, akaizungusha chupa polepole mpaka itoe pumzi ndogo, fuu, naye hucheka kama ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia. Jana aliikuta meza kuu imenuna: mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi wamepeana mgongo, kisa nani akae katikati kwenye picha. Akachomoa zabibu kavu mbili mfukoni mwa kizibao, akazitumbukiza kwenye glasi moja ya shampeni. "Hii ya mama huyu, ile ya mama yule. Haya, tuone!" Zabibu zikazama, zikavaa mapovu, zikaanza kupanda. "Yangu imetangulia!" "Wapi! Mapovu yameshapasuka, hiyo inarudi chini!" Vichwa viwili vikagusana. Mpiga picha aliita, akaita tena, mwishowe akapiga hivyo hivyo. Katikati ya picha ile imekaa glasi, na nyuma yake mhudumu, mikono juu, anazishangilia zote mbili.