Mama Makochi Alivyozilaza Pikipiki kwenye Godoro

Mtaa mzima ulimwita Mama Makochi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyavua makochi ya watu nguo kuukuu na kuyavisha mpya. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, sponji zimepangwa mpaka darini, stepla kubwa juu ya meza, na harufu ya gundi iliyomkaa mpaka kwenye nywele. Mfupi wa kimo, mpana wa mabega, na vidole ambavyo ukimpa mkono unajuta. Kochi la watu watatu alikuwa analigeuza miguu juu peke yake, huku anaongea na mteja, kama vile kashika kikapu cha nguo.

Mwanamke kama huyo, mwenye watoto wakubwa, ungedhani hana tena anachokitamani zaidi ya kukaa. Thubutu! Alitamani pikipiki. Tena siyo hizi za kubebea mizigo zilizojaa barabarani. Alitaka ile ya porini, yenye matairi ya meno meno, imenyanyuka juu kama mbuzi anayefuata majani ya juu ya ukuta, ile inayopanda vilima kwenye vijia ambavyo hata mtu mwenye akili zake hapiti kwa miguu.

Ugonjwa huo aliletewa na daktari wa meno. Daktari huyo siku za kazi ni koti jeupe na sauti ya chini, Jumapili anavaa buti mpaka magotini, anakwenda kujigaragaza milimani na wenzake. Alileta kiti cha pikipiki yake kimechanika. Mama Makochi akakishona, akakifunga mahali pake, akakikalia. Ndiyo kazi yake, kila anachoshona lazima akikalie kwanza.

"Haya, umeshapanda, washa basi," daktari akamtania.

Akawasha. Akaizungusha kwenye kiwanja nyuma ya karakana kwa gia ya kwanza, meno yote nje. Basi, kwisha habari yake. Wiki nzima ile alikuwa anapiga stepla huku ananguruma mdomoni kama injini.

Sasa kulikuwa na dada yake. Dada mkubwa alikuwa mpishi wa shule, mtu wa masufuria makubwa na huruma ndogo. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea huyu mdogo, akambeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuza chini. Kwa hiyo Mama Makochi, pamoja na mabega yake yote, hakuwahi kununua hata kabati bila kwenda kumwambia dada. Akamkuta jikoni kwake anachambua mchele.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja mikono mitupu, basi una jambo."

"Nataka kununua pikipiki."

"Ya kwenda wapi?"

"Milimani."

"Milimani kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada."

Dada akaweka ungo chini. "Yaani unanunua chombo cha kukupeleka mahali pasipo na kitu."

"Ndiyo raha yake."

"Utaanguka."

"Wote wanaanguka. Daktari anasema anayeanza ndiye anaanguka zaidi."

Mwingine angelia, au angetafuta wazee wa kumkanya. Dada hakuwa wa hivyo. Alitazama mchele wake, akatoa jiwe, akalitupa.

"Sikiliza. Kuanguka nakuruhusu. Lakini siku utakayoanguka ukashindwa kuinyanyua mwenyewe, bila mwanaume kukushikia, siku hiyohiyo unaiuza, na habari za milima sizisikii tena. Sitaki uje ulaliwe na chuma huko porini tuanze kukutafuta na tochi. Unakubali, au unarudi kwenye makochi yako?"

"Nakubali."

"Mkono."

Wakapeana mikono. Kwa ndugu wale wawili, mkono ukishatoka haurudi.

Muuza pikipiki alikuwa na duka kwenye kona ya barabara kuu, vioo vimefutwa vinang'aa, na ulimi uliopakwa mafuta. Alipomwona Mama Makochi mlangoni, akamvuta moja kwa moja mpaka kwenye pikipiki kubwa nyekundu.

"Hii ndiyo yako, mama. Injini ya mia mbili hamsini. Ukichukua ndogo utaichoka upesi, urudi hapa kunililia."

Hapo mwanamke alitakiwa aulize uzito. Hakuuliza. Aliuliza kama rangi haipauki juani.

Akaipanda. Miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

"Utazoea," muuzaji akasema, naye anajua kabisa kwamba miguu ya mtu mzima hairefuki. Akampa aijaribu mpaka Jumatatu, maana makochi ya nyumbani kwake yalishonwa na mwanamke huyohuyo, na karakana anaijua ilipo.

Ndipo Mama Makochi akafanya kosa ambalo fundi makochi peke yake angeweza kulifanya. Kwake yeye, kiti kikiwa kirefu dawa yake ni kisu. Akakifungua, akakivua ngozi, akaikata sponji kama anakata mkate, akaishona upya. Akapanda. Vidole vya miguu vikagusa chini. Akacheka peke yake karakana nzima. Pikipiki ya watu, haijalipiwa hata tairi, mwenzako ameshaikata kiti!

Daktari akapita Jumamosi na kuona.

"Hiki kiti kimefanyaje?"

"Nimekipunguza."

"Si bado ya muuzaji hii?"

"Ndiyo."

Daktari akashika kichwa. Halafu akauliza, taratibu, kama anavyomuuliza mgonjwa jino gani linauma, "Umeshailaza chini ukainyanyua?"

"Kwa nini niilaze?"

"Kwa sababu huko tunakokwenda itajilaza yenyewe."

Wakamwaga vipande vya sponji sakafuni, wakailaza. Mama Makochi akakunja mikono ya gauni, akainama, akavuta. Pikipiki ikapanda mpaka magotini, ikarudi. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ikarudi. Akakaa palepale kwenye sponji, anahema.

"Kochi lina pa kushika kila upande," akasema. "Hili jitu uzito wake wote uko tumboni."

"Umepunguza sponji, mama. Chuma hukukipunguza."

Mama Makochi alikuwa anamwona dada na ule mkono wake. Angeinunua nyekundu ile, angeanguka Jumapili ya kwanza, na Jumapili hiyohiyo pikipiki ingekwisha kuuzwa. Siyo kuuzwa tu, na maneno ya dada ya kumfikisha kaburini.

Jumatatu akairudisha, kiti kimejengwa upya kwa sponji nzito, mshono umenyooka kama uzi wa mwashi. Muuzaji akapiga kelele barabara nzima ikasikia.

"Umekata kiti cha pikipiki yangu!"

"Nimekikata, nimekirudisha. Kikalie."

"Sikalii!"

"Kikalie kwanza, ndiyo utukane."

Akakikalia. Kilikuwa kizuri kuliko kilivyotoka kiwandani, na alijua, ila mdomo wa kukiri hana mpaka leo.

Mama Makochi akatoka nje, akarudi na godoro begani. Akalitandika katikati ya duka.

"La nini hilo?"

"La kulazia."

"Unalala hapa?"

"Siyo mimi. Wao." Akaelekeza kidole kwenye pikipiki zake.

Wateja wakaangua kicheko. Muuzaji akaweka mikono kiunoni. "Mama, hapa ni duka, siyo wodi."

"Ndiyo maana nimekuja na godoro langu, zisipate mkwaruzo. Ilete ya kwanza."

Na kwa kuwa watu walishajaa mlangoni wanatazama, angekataa angeonekana anaficha kitu. Akaleta.

Ikalazwa ya bluu, nyepesi kweli, ikanyanyuka. Lakini ilikuwa ile ya kuchanganya oili na petroli, na alipoiwasha na kuachia klachi, iliruka kama imechomwa sindano, ikaigonga kaunta. "Hii ina hasira," akasema, "na mimi bado sijajua kuomba msamaha." Ikalazwa nyeupe. Ikanyanyuka, ila kuipanda ilikuwa kama kupanda ukuta wa jirani. Nyingine haikunyanyuka kabisa. Jasho linamtoka, wateja wameacha kucheka, wengine wameanza kumhesabia: moja, mbili, vuta mama!

Mwisho akaenda mwenyewe nyuma ya rundo la matairi, akavuta kijipikipiki cha kijani kilichopauka, tangi limebonyea ubavuni. Injini ya mia moja ishirini na tano, ya kupozwa na upepo, haina maji ya kuchemka. Kuwaka, kitufe kipo na kiki ya mguu ipo. Na injini yenyewe ni ndugu wa zile za mizigo, hata fundi wa chini ya mti anaijua na vipuri vyake viko kila kona. Akakipanda, miguu ikagusa. Akaachia klachi, kikaondoka taratibu kama kinaomba ruhusa. Akakilaza kushoto, akakinyanyua. Akakilaza kulia, akakinyanyua.

"Mama! Hiyo ni ya watoto!"

"Basi nimezaliwa leo. Niandikie risiti."

Safari hii rangi hakuuliza.

Siku hizi muuzaji yule ana godoro lake dukani, anawalazia wateja pikipiki, anasema ni mtindo alioubuni mwenyewe. Mwongo mkubwa. Godoro lile mshono wake unajulikana.

Lakini duka ni duka, na godoro ni kavu. Kazi ilikuwa mlimani. Mama Makochi akajifunza kwanza kiwanjani, kona, breki, kusimama juu ya vikanyagio magoti yamelegea, mpaka daktari akasema haya, Jumapili twende.

Na dada naye akaja. Alipanda gari la mke wa daktari, lile linalobeba maji na mipira ya matairi ya akiba. Njia nzima aliuliza swali moja tu.

"Wanaangukia wapi?"

Mke wa daktari akacheka. "Korongoni, dada. Pale penye kijito na tope. Hapo hakuna anayesalimika."

"Nishushie hapohapo."

Akashuka na kigoda chake, akakitega ukingoni, akakaa, mtandio umefungwa kiunoni. Roho gani hiyo! Mtu umemlea kwa mgongo wako, unakwenda kumsubiri mahali pa kuangukia.

Wapandaji wakaanza kushuka. Wa kwanza akapita. Wa pili, jamaa mrefu, akala tope, wenzake wawili wakamkwamua. Dada akatazama, akaguna. Kisha ikasikika sauti ndogo ya ile pikipiki ya kijani, na Mama Makochi akatokea kwenye kona, amesimama wima, mabega yamekaa vizuri, anashuka kama alizaliwa huko. Kijito akakivuka. Mteremko wa ng'ambo akaanza kuupanda.

Akamtazama dada.

Kwenye pikipiki macho yanapokwenda ndipo chombo kinapokwenda. Tairi la mbele likamfuata dada, likapanda jiwe, na yeye na pikipiki wakalala kwenye tope kwa ubavu. Injini ikazima. Daktari akatupa pikipiki yake, akaja mbio.

"Wewe daktari!" dada akapaza sauti. "Simama hapohapo!"

"Dada, huenda ameumia..."

"Meno yake mazima, nayaona. Kaa huko."

Mama Makochi akainuka, tope limemjaa mpaka ndani ya helmeti. Akainama kama alivyozoea, akakumbatia, akavuta. Miguu ikateleza, akapiga magoti. Akavuta tena, akateleza tena. Matairi yalikuwa yametazama juu ya mteremko, na kila alipovuta alikuwa anavuta pikipiki pamoja na mlima.

Akasimama. Akapumua. Kochi likikwama mlangoni hulivuti kwa nguvu, unaligeuza. Mara ngapi amewaambia vijana wa kubeba hivyo? Akashika gurudumu la nyuma, akaliburuza kwenye tope mpaka matairi yakatazama chini. Akazika visigino kwenye mawe. Akaigeuzia mgongo, akakiegemeza kiti matakoni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine chini ya kiti, akaanza kurudi kinyumenyume, hatua fupifupi. Ikanyanyuka. Ikasimama.

Watu wakapiga makofi. Dada hakupiga.

"Iangushe tena," akasema.

"Dada?"

"Mara moja ni bahati. Iangushe. Upande wa pili."

"Jamani!" daktari akasema. Yule jamaa mrefu akasonya. Mama Makochi hakushangaa. Huyu ni mtu aliyemjua tangu mgongoni. Akaitazama pikipiki yake, upande mmoja tope, upande mmoja bado safi, akaisukuma. Pwaa! Akazunguka, akaangalia matairi yametazama wapi, akazika visigino, akageuza mgongo. Safari hii hakuteleza hata kidogo.

Dada akanyanyuka kwenye kigoda. Akashuka mpaka kwenye tope, viatu vyake vya Jumapili vikazama. Akafungua mtandio kiunoni, akampangusa mdogo wake mdomo na macho, kwa nguvu, kama anapangusa mtoto aliyekula vibaya.

"Panda," akasema. "Wenzako wanakusubiri."

"Dada..."

"Na ukipita hapa tena usinitazame mimi. Tazama njia yako."

Mama Makochi akapiga kiki. Kijani ikaamka. Akaupanda mteremko amesimama, hakugeuka nyuma, na sauti ikapotea juu kule mahali pasipo na kitu.

Dada akabaki kwenye tope, anasikiliza mpaka mlio wote ukaisha. Ndipo akamgeukia daktari.

"Na wewe. Siku ile ya kiti, nani alikutuma umwambie awashe?"