Tundu Lililokataa

Sikumpenda shemeji yangu kabla ya ajali, wala sikuanza kumpenda baada yake. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu hapa Likasi, wakiniona napita na beseni kichwani, wanadhani nina kisa cha huruma cha kuwasimulia. Sina. Nina kisa cha chuki, nami nitakisema jinsi kilivyokuwa.

Alikuwa bwana wa dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, kama sisi wa Katanga tunavyowaita waliotutangulia kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kulipua miamba kwa baruti katika machimbo ya chokaa ya tajiri mmoja, upande wa Kakontwe. Wenzake walimwita boutefeu, jina la Kifaransa la kazi hiyo, naye alilipenda kuliko jina la ubatizo. Akiingia nyumba ya mtu hakai mpaka apewe kiti chenye mgongo. Jumapili kanisani, kofia yake ya kazi ilikuwa magotini, ili asiyejua ajue.

Kazi yangu mimi haikuwa na jina la Kifaransa. Nilivunja mawe. Baruti ikishalia, magari yalibeba mawe makubwa kwenda kwenye tanuru, na yale mabaki tuliyakusanya sisi wanawake, tukayasogeza pembeni, tukayapiga nyundo mpaka yawe kokoto za kuuzia wajenzi. Hakuna aliyetuajiri. Walituvumilia tu, kama mwenye nyumba anavyowavumilia panya baada ya paka wake kuchoka.

Jiwe la chokaa linajua kulipiza. Ukilipiga vibaya linakurudishia kipande usoni. Jirani yangu wa kukaa alipigwa jichoni asubuhi moja, akafunga kitambaa, akaendelea kuvunja kwa lile lililobaki, maana wanunuzi walikuwa njiani na baiskeli zao. Kiangazi tulikohoa vumbi jeupe hata kitandani. Vidole vyangu viwili havina kucha mpaka leo, na sikumbuki ni siku gani ziling'oka.

Nilikuwa naishi kwa yaya, katika chumba kidogo nyuma ya jiko lake. Bwana yangu alikwenda kuchimba Kambove, akapata mke mwingine hukohuko, akasahau njia ya kurudi. Kwa hiyo bukari, yaani ugali, niliyokula jioni ilipikwa chini ya paa la shemeji, naye hakuacha nisahau.

"Ile yako haina kazi," aliniambia siku moja tukiwa tumezunguka chakula. "Ile njo kuokota." Njo kwetu ni ndiyo, naye aliikaza.

"Na weye unaokota nini?" nikamjibu. "Kifo?"

Yaya akanisukumia sahani ya sombe, kisamvu chetu, nijaze mdomo, ninyamaze.

Kule machimboni alikuwa mbaya zaidi. Kabla ya kulipua, king'ora kililia, na ilikuwa juu yake kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyebaki karibu. Angeweza kutuambia kama watu. Yeye alikuja akitukana, akipiga teke mabeseni yetu, akimwaga kazi ya asubuhi nzima. Beseni langu la bluu alilikanyaga kwa kiatu cha chuma likapasuka katikati, na jioni ile tulikula pamoja bila yeye kulitaja. Wanawake wenzangu waliniambia, "Shemeji yako iko mubaya." Nikawaambia, "Mubaya kuliko munavyosema."

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na mawe yaliteleza. King'ora kikalia, wenzangu wakaanza kukimbia kuelekea ng'ambo ya barabara, mimi nikabaki nyuma kidogo nikimalizia kujaza beseni. Nilijua muda tuliokuwa nao. Yeye hakuniita. Aliokota mawe akaanza kututupia, vile mtu anafukuza mbwa, na jiwe moja likanipata kwenye kifundo cha mguu. Nikaanguka. Nilipojaribu kusimama, mguu ulikataa.

Hakutazama nyuma. Alikwisha kugeuka kwenda kwenye nyaya zake.

Pale pembeni palikuwa na mzoga wa lori la zamani, halina magurudumu, limeota kutu. Nilitambaa mpaka nyuma yake, nikajikunja, nikaziba masikio. Nilimwomba Bikira Maria anilinde, na ndani ya sala hiyohiyo nikaomba shemeji aote majipu. Baruti ikalia.

Mtu anayekaa machimboni hujua mlio wa baruti kwa kifua. Matundu yaliyotobolewa mwambani na kujazwa baruti yanalipuka moja baada ya lingine, mfululizo, mpaka mwisho. Siku hiyo katikati ya mfululizo palikuwa na pengo, kama mdomo uliong'olewa jino. Tundu moja lilikuwa limekataa. Nilijua mimi, na alijua yeye, kwa sababu vumbi lilipotulia nilichungulia nikamwona amekaa juu ya jiwe, mbali na ukuta, akisubiri. Hiyo ndiyo sheria. Tundu lililokataa halifuatwi upesi, kwa sababu linaweza kubadili nia. Katika hilo, nitamkubalia hata kama sitaki, alikuwa mtu wa kazi.

Gari la mkuu wa machimbo likaja kwa kasi na kusimama karibu sana na lori langu. Sote tulimwita shefu. Alikuwa mtu wa shati safi, aliyeongea bila kushuka garini. Siku hiyo alishuka.

"Unangoya nini?" akauliza. "Kamio beko ku mulango. Tanuru inazimika." Alimaanisha malori yaliyokuwa langoni yakisubiri mawe.

"Shefu, tundu moja ilikatala."

"Ilikatala wapi? Minye nilisikia yote."

"Haikulia, shefu. Lazima tungoye kwanza."

"Weye njo unaogopa. Ingia uangalie, ao nitafute boutefeu mwingine, mwenye iko na roho."

"Sheria inasema..."

"Hapa sheria njo minye!"

Shemeji alisimama. Nilimwona akivaa kofia polepole, akifunga ule mkanda wa kidevu. Mtu huyu ambaye hakukaa kwenye kiti kisicho na mgongo, ambaye alinitupia jiwe muda mfupi tu uliopita, aliinamisha kichwa mbele ya shati safi na kuanza kutembea kuelekea ukutani. Shefu alirudi garini, akafunga mlango, akapandisha kioo.

Hasira iliyonipanda sijui niiite nini. Haikuwa upendo. Nilikuwa namchukia yeye kwa kwenda, namchukia yule kwa kumtuma, na mguu wangu ulikuwa unapiga kama ngoma. Nikajishika kwenye mlango wa lile lori, nikasimama kwa mguu mmoja, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mujinga weye! Unakwenda kufa sababu ya kamio ya bantu?"

Akageuka. Aliponiona, uso wake ukabadilika. Mwanamke ndani ya eneo la baruti, na mwanamke mwenyewe ni mimi! Akaacha ukuta, akaanza kurudi kwangu kwa hatua ndefu, mkono umenyooshwa, akifoka:

"Weye tena? Uko unafanya nini pale? Toka! Toka, nitakuvunja..."

Ukuta ukafunguka nyuma yake.

Sikusikia mlio. Nilisikia lori likitikisika, kisha mvua ya mawe juu ya bati. Nilipofumbua macho, alikuwa amelala kifudifudi katikati ya njia, mweupe mwili mzima kwa vumbi, isipokuwa pale mkono wa kulia ulipokuwa. Nilikwenda kwake kwa magoti. Nikavua kikwembe changu cha juu, nikafunga kipande cha mkono kilichobaki, nikavuta kwa meno. Alikuwa hai. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nina hakika hata wakati ule alikuwa bado ananitukana.

Wanaume wakamtia katika gari la shefu, wakamkimbiza hospitali. Mimi hakuna aliyenipakia. Nilirudi nyumbani nikichechemea, nikishikilia ukuta wa mtu huyu na uzio wa yule, mpaka kwa yaya, nikamwambia.

Alipona. Mkono hakurudi nao, na masikio yake yalibaki na uzito mkubwa. Ukitaka akusikie, lazima upige kelele karibu na sikio la kushoto.

Kisha akaja mtu wa serikali kuuliza habari za ajali. Machimboni nilimweleza kila kitu: lile tundu, zile kamio, maneno ya shefu moja baada ya lingine. Wenzangu hawakusikia chochote, walikuwa mbali, na hata kama wangesikia wasingesema. Yule mtu alinisikiliza akipangusa jasho. Akasema atamwuliza aliyeumia mwenyewe.

Walikuja nyumbani, yeye na shefu. Yaya aliwapa viti. Shemeji alikuwa amekaa na shati jeupe, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mimi nilikuwa mlangoni, kwenye jiko la makaa, napika.

Yule wa serikali akainama kwenye sikio lake akapiga kelele: "Ni nani alikutuma uingie?"

"Hakuna muntu alinituma," shemeji akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Minye njo boutefeu. Nani anaweza kunituma? Naingia wakati minye nataka."

Shefu akatazama viatu vyake.

"Na ile mwanamuke," shemeji akaendelea, akinielekezea kidevu, "yee njo aliniita. Alikuwa pale alikatazwa. Aliniita, nikageuka. Bila yeye ningekuwa nimeshamaliza."

Niliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Kweli ungekuwa umeshamaliza," nikamwambia. "Ungekuwa umemaliza yote!"

Hakunisikia. Wengine walinisikia, wakajifanya hawakusikia, wakaaga kwa heshima.

Walipoondoka nilimgeukia yaya. "Weye unajua amedanganya."

"Najua," akasema.

"Na unanyamaza?"

"Hii nyumba ni ya nani?" akaniuliza. Mikono yake ilikuwa inakusanya vikombe, haikusimama. "Ni ya bale bantu ba machimbo. Akisema shefu alimutuma, kesho tunalala wapi? Sema. Unataka alale wapi, na mukono moja?"

"Anasema minye njo nilimukata mukono!"

"Muache aseme, mudogo. Weye iko na mikono yote mbili."

Maneno hayo sijamsamehe. Nilifunga vitu vyangu, nikatafuta chumba mahali pengine. Mpaka leo sijui kama yule mwanamume alisema uongo kwa ajili ya nyumba, au kwa sababu hakuweza kuvumilia watu wajue kwamba alitumwa kama mtoto, au kama kweli anaamini kwamba sauti yangu ndiyo iliyomlemaza. Niliwahi kuwaza labda ni yote matatu. Siku nyingine nawaza ni lile la mwisho tu, na siku hizo nyundo yangu inavunja vizuri sana.

Tajiri alimpa kazi mpya. Walijenga uzio, wakaweka kizuizi barabarani, wakamkalisha hapo na filimbi kuwazuia wanawake wasiingie tena. Anaifanya kazi hiyo kwa bidii. Hasikii wanawake wakimbembeleza, kwa hiyo habembelezeki. Wenzangu nao walinigeukia mimi. "Ulimi yako njo ilitufungia karyeri," mmoja aliniambia sokoni, akimaanisha machimbo, mbele ya watu, na wengine wakaitikia kwa kutema mate. Sikujitetea. Walikuwa na njaa, na shefu hawakuweza kumfikia. Mimi nilikuwa karibu.

Nikahamia nyuma ya kilima, kwenye machimbo ya zamani yaliyoachwa. Huko hakuna baruti, hakuna king'ora, hakuna shemeji. Kuna ukuta mrefu wenye nyufa, na mvua ikinyesha unaachia vipande bila kumwambia mtu. Tunachagua mahali pa kukaa kwa kutazama juu.

Majuzi, asubuhi, nilisikia mtu anakuja kwenye njia ya mawe, nikainua kichwa. Alikuwa yaya. Amefunga kitambaa kichwani, ana beseni jipya, na ndani yake nyundo ambayo bado ilikuwa na lebo ya dukani kwenye mpini. Hatukuwa tumeongea tangu nilipohama. Alisimama pale akipumua, mtu aliyezoea nyumba.

"Analinda mulango," akasema, "lakini mushahara haitoshi."

Hasira ilinipanda tena, ileile. Nilitaka kumwambia arudi kwake, akaulize wale wenye nyumba. Nilitaka kumwambia kwamba mikono yake ni laini na jiwe litamla. Yeye hakungoja ruhusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kivuli, chini ya ukuta, akaweka beseni.

"Toka pale!" nikapiga kelele.

Akashtuka, akasimama.

"Kule juu kumepasuka, huoni? Unataka ikuangukie? Kuya huku."

Akaja. Nikamwonyesha mahali, si karibu nami sana. Nikamwambia afumbe macho na kugeuza uso kila anapopiga, na asishike jiwe kwa vidole, alizuie kwa kipande cha mpira. Niliyasema kwa ukali, kama mtu anayemkaripia mwizi. Alipiga mara ya kwanza, akakosa. Akapiga tena.

Tulivunja mawe mpaka jua likawa juu ya vichwa, hakuna aliyemsalimu mwenzake.