Mgeni wa Nyotani Aketi Kula Pondu

Kwa muda mrefu nimekuwa na maoni thabiti kuhusu riwaya za kale za sayansi na za maajabu zinazostahili kugeuzwa tamthilia za runinga. Si nyingi. Riwaya iliyojaa majoka naiweka kando. Ile ambayo mashine zake zimechakaa kabla ya watu wake, vilevile. Inayofaa ni ile ambayo mwisho wake hauwezi kuguswa bila jengo zima kuporomoka. Ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu, ingawa hapakuwa na mtu wa runinga aliyewahi kuniuliza.

Mwaka jana aliniuliza mmoja: mwongozaji wa kikundi cha maigizo ambacho kila Jumamosi huonyeshwa na kituo kidogo cha runinga cha hapa mtaani kwetu Makiso. Mwenye kituo alikuwa amechoshwa na visa vyao vya wake wenza. Wasipomletea kisa kipya kufikia Ijumaa, saa yao angepewa mhubiri.

Nilimchagulia riwaya ya Kifaransa niliyoisoma ujanani, ambamo mgeni anashuka kutoka nyota ya mbali, anaingia katika nyumba ya watu, kisha anauteketeza mji. Niliandika muhtasari mrefu wenye tanbihi. Mwongozaji aliupokea kwa mikono miwili, akaukunja, akautia mfukoni. Kikundi chake hakifuati maandishi: waigizaji husimuliwa kisa kwa mdomo, kisha kila mmoja husema yanayomjia.

Ijumaa walifanya jaribio uani. Mwenye kituo alitazama akiwa juu ya pikipiki yake, injini ikinguruma.

Mgeni, kijana aliyejifunga karatasi za kung'aa, aliingia na kutangaza, "Nimetoka nyotani. Muji hii ni yangu!"

Mama mwenye nyumba, mwigizaji mkongwe wa kikundi, alimtazama juu hadi chini. "Bon. Uko unatoka mbali vile, na uko umesimama? Kaa. Umekula?"

Akamwekea sahani ya pondu, yale majani yetu ya muhogo, na chikwange, ule mkate wa muhogo. Kijana alikuwa na njaa ya kweli. Alikula.

Nilisimama. "Samahani, mama. Hapa anapaswa kuuteketeza mji."

"Papa profesa, akisha kula pondu yangu? Atachoma muji ya nani?"

"Riwaya ndivyo inavyosema."

"Alors, ule mwenye aliandika, hakuna mutu alimupa chakula."

Mgeni, mdomo ukiwa bado umejaa, aliongeza lake: "Mama, mi niko napenda mutoto yako mwanamuke."

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Mwenye kituo alizima injini.

"Ah bon!" mama akafoka. "Unakuja kuposa na tumbo yenye kujaa? Tonton yako iko wapi? Posa gani hii bila tonton?"

Kijana akaendelea kutafuna, polepole. Hakuwa na mjomba wala baba mdogo katika nyota yoyote. Mwenye kituo akatazama saa, mwongozaji akanitazama mimi. Akilini nilimwona mhubiri akiingia studio na Biblia yake. Nami, katika ua ule, ndimi pekee niliyeijua nyota yenyewe.

Nikanyoosha tai. "Tonton wake ni mimi."

"Karibu, tonton. Kwenu iko namna gani?"

Nilianza na hali ya hewa, kisha mizunguko ya miezi yake miwili, kwa mpangilio wa mwandishi mwenyewe.

"Tonton, jibu! Hatuko mu auditoire na wanafunzi yako!"

Mwenye kituo alicheka hadi akafuta macho. "Kesho mutapita ku télé," akasema. "Lakini huyu tonton asikose."

Sijakosa. Bado nashikilia kwamba mwisho wa riwaya ile hauguswi, na kila Jumamosi naujongelea kwa uangalifu. Tatizo ni upande wa bibi harusi: wanadai mbuzi wa mahari, nao hawatalegea. Nimeisoma riwaya upya, pamoja na dibaji. Katika nyota nzima hakuna mbuzi hata mmoja.