Sululu wa Dada Zuhura

Juzi dada yangu Zuhura alikuwa akipanga sanduku lake, nikaliona daftari lake la ndege. Wivu ukanirudia mbichi.

Shuleni kwetu Ndagoni kulikuwa na chama cha watazama ndege. Zuhura alikuwa mwanachama. Mimi niliambiwa bado mdogo. Alasiri moja niliwafuata ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, tope likinuka mwani. Mwalimu alimvisha Zuhura darubini shingoni, mbele ya macho yangu.

"Sululu!" Zuhura akanong'ona, akamwandika ndege huyo daftarini.

Mimi niliamini kwamba ndege ukishamwandika anakuwa wako. Yaani Zuhura aimiliki pwani yote? Nikakimbilia topeni nikipiga makofi na makelele, sululu wote wakaruka na midomo yao mirefu, wakilia kama filimbi.

Mwalimu aliguna. Zuhura akaniuliza, "Haya, umefurahi?"

Nilifurahi sana.

Sasa najua sululu hana mwenyewe. Hata hivyo, juzi nililifungua daftari nione alichoandika siku ile. Ulikuwa mstari mmoja: "Sululu wengi. Wamefukuzwa na mdogo wangu. Ana mbio huyo!"

Nikalirudisha sandukuni. Hata kusamehe, alikuwa amenitangulia.